Baba Yako Amechelewa Tu

Tekla mwanangu,

Sasa hivi umenivika kofia ya baba yako. Umeishusha mpaka masikioni, ukarudi nyuma kidogo, ukanitazama kama unayepima kitambaa, ukasema, "Mama, sasa umekuwa askari." Kisha ukachukua mtungi ukakimbilia mtoni. Nimeiacha hapo hapo. Kichwa kisicho na nywele kinashikwa upesi na baridi ya huku juu, na kofia hii ina joto lake, ingawa inanuka samaki. Ninaandika nikiwa nimeivaa.

Nimekaa kizingitini. Jua limeshapita nyuma ya mlima lakini mwanga bado upo, unatosha. Baba yako yuko nyuma ya nyumba pamoja na mjomba wako Lukasi, wanafunga mizigo yako na kubishana habari ya fundo. Karatasi hizi ni za baba yako, amezitoa katika sanduku lake la useremala. Kalamu ya risasi pia ni yake, ile pana ya kuchorea mbao, ndiyo maana herufi zangu zimenenepa hivi. Masista hawakukaa nami muda mrefu wakanifundisha mwandiko mzuri. Utanivumilia.

Sitaandika habari za kuoga, kufua, kusali, wala kuwasalimia wakubwa. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyasema pamoja nami, wakati mwingine unanitangulia. Shangazi yako Maria atayasema upya huko kisiwani Chole, unakokwenda kujifunza kushona kwake, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu, kwa kuwa amezoea kusema juu ya mlio wa cherehani. Ninaandika kwa sababu nikifungua mdomo yanatoka hayo hayo ya sabuni, na yale ninayotaka uende nayo yanabaki ndani.

Ninayotaka kukueleza ni kwa nini nimekubali uende. Ulinisikia kwa masikio yako nikisema mbele ya watu wote kwamba mtoto wangu hatavuka maji, hata baba yake akifufuka. Basi akafufuka, nikabaki na maneno yangu mdomoni.

Unajua yote yaliyotokea, lakini uliyatazama kutoka nje. Mimi nikupe ya ndani.

Baba yako alituma neno kutoka Chole, anakofanya kazi, kwamba atakuja kukuchukua maharage yakiwa katika maua. Maharage yakatoa maua. Yakafunga, tukala mabichi, tukavuna makavu, tukayapura, na njiani hakuna mtu. Kisha akapita yule mchukuzi wa mizigo aliyetoka pwani, tukampa maji ya kunywa, akatuambia upepo wa kusi wa mwaka huu umekataa kutulia, na kule visiwani vyombo vimevunjika.

Nikamuuliza, "Vyombo vya nani?"

"Sijui vya nani, mama. Vyombo tu."

Akashukuru kwa maji akaenda zake. Hakujua ameniachia nini.

Hapa kwetu, mwanangu, mtu akichelewa ana jambo. Njia ni moja, nao mlima haukuongezeka urefu tangu jana. Aliyesema atafika jioni asipofika, watu wanawasha mienge na kushuka bondeni, na mara nyingi wanamkuta bondeni. Babu yako alipatikana hivyo, mimi nikiwa mdogo kuliko wewe. Kwa hiyo nimekua nikijua hesabu moja tu, kwamba aliyechelewa ameanguka. Mjomba wako anajua hesabu hiyo hiyo, kwa kuwa mwenge wa siku ile aliushika yeye.

Akaja akakaa hapa nilipokaa sasa. Akasema, "Agata, mtu hangojwi namna hii."

"Labda amepewa kazi nyingine."

"Kazi haimzuii mtu kutuma neno. Tukae matanga, roho yake ipumzike, na yako ipumzike."

Padre alikataa kusali misa ya marehemu. Alisema hana hakika, tungoje. Mjomba wako akanong'ona kwamba Padre huzika akiletewa barua, sisi tunazika kwa akili. Watu wakaja, pombe ikapikwa, tukalia, na siku ya kuondoa matanga nikainamisha kichwa wakaninyoa.

Wewe ulikataa. Ulipanda juu migombani, na mjomba wako alipokufuata ukamwamkia kwanza, shikamoo mjomba, kisha ukamwambia, "Baba amechelewa tu." Akarudi akasema mtoto huyu amedekezwa. Nami nikakukaripia, mbele ya wanawake, kwa maneno ambayo nisingependa uende nayo. Yaache hapa.

Nikuambie nililolijua baada ya wembe kupita. Sikuwa nimeamini kwamba amekufa. Ndani kabisa sikuamini. Nilikuwa nimechoka kutojua. Kila mbwa akibweka ninasimama, kila sauti njiani ninaacha jembe. Nikaona afadhali nipewe jibu, hata liwe baya, nilikamate mkononi, nilale. Nilipokwisha nyolewa kweli nililala usingizi mzito, na asubuhi yake nikaona aibu ya usingizi ule. Ukifika mahali kama hapo, nawe utafika, kwa maana kila mtu hufika, kumbuka kwamba mama yako alikubali jibu baya kwa sababu ya uchovu, na jibu lenyewe halikuwa kweli.

Na juzi, wanawake wakiwa bado mikekani, wanamalizia pombe ya chini ya mtungi, ikasikika hodi.

Ulikuwa umekwenda kutafuta kuni, kwa hiyo mwanzo hukuuona. Alisimama pale kwenye njia na sanduku kichwani. Akatazama mikeka, akanitazama kichwa. Akatua sanduku polepole, akavua kofia hii.

"Poleni," akasema. "Nani ametutoka?"

Mjomba wako akainuka akakaa tena. Akasema, "Shemeji, karibu, kaa kwanza."

"Nitakaaje sijui ninayemlilia? Agata, ni nani?"

Nikasema, "Wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye uliyetutoka."

Akakaa. Alikaa juu ya sanduku, akajitazama miguu, ilikuwa na vumbi lote la kutoka stesheni ya Ngerengere. Akafikiri. Kisha akasema, "Basi tangu nife nimepata njaa sana." Yule jirani yetu mnene akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mti, na wengine wote wakafuata, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza machozi ambayo hayakuniuma. Akaletewa pombe ya matanga yake mwenyewe. Alionja akasema kama angejua tungempikia nzuri hivi angechelewa zaidi.

Hapo ndipo ulipotokea na kuni zako. Hukupiga kelele. Uliziweka chini, ukamwamkia, kisha ukamgeukia mjomba wako ukamtazama. Mtazamo ule sikukufundisha mimi, lakini niliupenda.

Sasa sikiliza jinsi alivyochelewa, kwa sababu mimi nimemfanya anisimulie mara nyingi mpaka amechoka, na ndicho kilichonibadilisha.

Walitoka Chole vizuri, wakapita pembeni mwa Mafia, wakafika kisiwa cha Kwale. Ni hapo kusi iliporudi na nguvu, wakati wake wa kwisha ulipokuwa umefika. Nahodha akafunga chombo. Kila asubuhi anakwenda ufukweni, anatazama maji yanavyovunjika juu ya mwamba, anarudi kulala. Baba yako akamfuata.

"Bwana nahodha, nina mtoto wa kumchukua mlimani. Nimeweka siku."

Nahodha akamwuliza bila hata kuinuka, "Mtoto wako anamtaka baba, au anaitaka siku?"

Wengine waliokuwa pale Kwale hawakungoja. Walikuwa na haraka zao, wakatoka. Hivyo ndivyo vyombo alivyovisema yule mchukuzi. Baba yako aliviona vikitoka, na alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake apande kimoja, nahodha akamkatalia kumrudishia sanduku lake. Alimtukana nahodha siku nzima. Sasa anasali kwa ajili yake.

Kisha upepo ukapungua, wakatoka kwa furaha, na wakiwa katikati ya maji ukaanguka hata ule uliobaki. Tanga likaning'inia kama shuka lililoanikwa. Na kule kuna mkondo unaokwenda kaskazini mchana na usiku bila kuulizwa. Ukawachukua taratibu. Waliiona Dar es Salaam, anasema waliona mpaka paa za nyumba, wakaipita wakiitazama, wakaja kushuka karibu na Bagamoyo. Kutoka hapo akatembea mpaka njia ya reli.

Nilikuwa na hasira, si unanijua. Kumbe siku zile nilipokuwa ninaacha jembe na kutazama njia, alikuwa amekaa kivulini Kwale anakula samaki. Lakini hasira ilipopoa nikaona kwamba yule aliyekula samaki kivulini ndiye aliyenirudia. Waliotaka kufika kwa siku yao hawakufika. Kule maji ndiyo yanayosema, na aliyechelewa huenda ametumia akili. Mimi nilipima bahari kwa mlima.

Na jambo la kuniaibisha ni kwamba si mara yangu ya kwanza. Nilikaa Chole, na wewe ulikuwa mgongoni. Nusu ya hadithi unaijua, ile wanayonichekea nayo.

Gari la moshi lilikuwa halijafika huku, tulitembea mpaka pwani, na nilipoiona bahari nilimwuliza baba yako mto huu unatoka wapi. Siku chache baada ya kufika, nikakuta maji yameondoka, mchanga uko wazi mpaka mbali, mzuri, mgumu, safi kuliko uwanja wetu. Nikakutandikia kanga, nikakukalisha, nikaenda kuosha vyombo kwenye kidimbwi. Huku kwetu maji yakishuka yameshuka mpaka mvua nyingine. Nikasikia mwanamke ananiita, hana hata haraka.

"Wewe mtu wa mlima. Mtoto wako anaondoka."

Nikageuka. Maji yalikuwa yamekuzunguka pande zote, bila mlio, na kanga imeanza kuelea, nawe unapiga maji kwa viganja na kucheka. Yule mwanamke alikuwa karibu nawe kuliko mimi, akakunyanyua. Akanipa.

"Kwenu maji hayarudi?"

"Hayarudi. Yakishuka yameshuka."

"Huku yana kwao," akasema, "lazima yarudi." Akaniokotea na sufuria.

Wanapoisimulia wanaishia hapo, wacheke. Mimi niliendelea kukaa ndani muda mrefu, nikikuficha bahari kama inayotaka kukuiba. Yule mwanamke ndiye aliyekuja kunitoa. Alinifundisha bila kunidharau, na kila alichonifundisha nilikuwa nimekwisha kukikosea.

Nilikosea mawingu. Hapa wingu ukiliona ni lako, litakushukia. Kule visiwa vimekaa kama watu kwenye mkeka, huyu analoa, aliye karibu naye jua linamchoma. Ninaona mvua nyeusi juu ya Juani, ng'ambo ya maji kidogo tu, nakimbia kuanua nguo. Nakaa nazo ndani. Mvua inapita zake Jibondo, inaishia baharini, na nguo zangu zinanuka unyevu mchana wenye jua kali. Wakanipa jina, Mama Anua. Nikaona haya, nikaamua kutoanua tena, na siku hiyo hiyo ikanyesha kwetu peke yetu.

Nilikosea maji ya kisima. Mwezi ukiwa mpevu, bahari inajaa sana na kisima nacho kinapanda na kuwa na chumvi. Nilitia chumvi juu ya chumvi, baba yako akala uji wote bila kusema. Hapo nilijua nimeolewa na mtu mwema, ila nilijua pia kwamba mtu mwema anaweza kukuacha ukosee tena kesho. Wewe ukiona mwenzako ametia chumvi mara mbili, mwambie.

Na kuna lile lililonitia hofu kuliko yote. Siku ya shwari, hakuna upepo hata wa kutikisa jani la mnazi, nikaona mawimbi makubwa yanakuja upande wa bahari kuu, yamenyooka, yanavunjika kwenye mwamba kwa kishindo. Nikauliza, nani amekasirika? Yule mwanamke akasema si wa hapa, huko mbali sana kuna dhoruba tusiyoiona, na haya ndiyo yaliyotufikia. Akaendelea kuchambua mchele. Nimelikumbuka jambo lile mara nyingi katika nyumba za watu. Shangazi yako Maria ana moyo mzuri, lakini iko siku atakukemea kwa uzi uliokatika, na uzi hauna kosa wala wewe huna. Litakuwa limetoka mbali, kwa mumewe, au kwa mtoto aliyemzika kabla hujazaliwa. Usilivalie njuga. Likiisha kupita, mpelekee chai.

Mwanangu, ningerudi kule nawe, nisikufiche. Baba yako ameniuliza tena jana. Lakini bibi yako alipofariki shamba hili la ukoo lilinifikia mimi, na nikilipa kisogo wazee watamkatia mwingine, na siku moja wewe utahitaji mahali pa kurudi ambapo hakuna wa kukuuliza umetoka wapi. Kwa hiyo mimi nabaki kuyashika matuta, na wewe unakwenda kushika sindano. Nimeona hivyo ndivyo tutakavyokuwa na pande mbili za kusimamia.

Mjomba wako ndiye niliyemwogopa. Mtoto kwetu ni wa upande wa mama, neno lake ndilo la mwisho, naye alikuwa amesema toka mwanzo kwamba binti wa umri wako anapaswa kuwekwa ndani kama mwali, si kupakiwa melini. Jana asubuhi nilimpelekea kiti nje nikamwuliza. Alivuta tumbaku kwanza.

"Kama ningemwuliza marehemu," akasema, "angesemaje?"

"Marehemu yuko nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe lako."

Akacheka puani, unavyomjua. "Nimemzika mtu mzima bila kumwona. Sina uso wa kumkatalia jambo mwaka huu. Aende."

Unajua nilivyojisikia? Kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, anayetembea bado ameshika shingo wima. Tangu jana najikuta naimba nikitwanga. Nilidhani nitakuwa na huzuni, na huzuni ipo, kidogo, pembeni, lakini nafasi kubwa imeshikwa na hili lingine. Baba yako yu hai. Wewe unakwenda naye. Upepo kipindi hiki uko katikati, haujaamua uelekee wapi, na mnakwenda na meli ndogo ya serikali, ya moshi, isiyongoja tanga. Kama kuna wakati wa kuvuka, ni huu.

Sasa nikuambie nililomwomba baba yako jana, akadhani natania. Nilimwambia, usiniwekee siku. Ukiniletea mtoto kunitembelea, usitume neno la maharage wala la mahindi. Sema tutakuja, basi. Akasema, utatungojaje bila siku? Nikasema nitajifunza. Nimeshindwa mara moja, sasa najua mahali penyewe ninapoteleza.

Nawe nakuomba hilo hilo. Utakuwa huko, utanikumbuka, utasikia kuna chombo kinatoka, na nahodha wake ana haraka, na watu watakwambia mama yako anakungoja. Usije kwa sababu ninangoja. Itazame bahari. Muulize mwenyeji, yule asiyeinuka kitandani mwake, kama nahodha wa baba yako. Ikikataa, kaa Kwale, kaa Koma, kaa popote ilipokukuta, kula samaki wao, lala. Nataka unikawie. Huku watasema maneno, huenda hata mjomba wako akaja akakaa kizingitini, nami nitamwambia

Baba yako ananiita, anataka niamue habari ya fundo. Wewe pia nakusikia, umerudi na maji, unacheka nao huko nyuma. Ngojeni kidogo, namaliza.

Nitamwambia mtoto wangu amechelewa tu. Nitaendelea kupalilia. Mbwa akibweka nitasimama, hilo sitaweza kuliacha, lakini nitainama tena, na kila siku mtakayozidi kukawia nitajua kwamba wewe umekaa kivulini mahali, unakula samaki, unangoja bahari ikubali.